Mwenye Neno na Aseme

Watu wengi hupanda ngazi za maisha kwa elimu, wengine kwa ukoo, na wengine kwa kujipendekeza. Daktari Onesmus Garama alizipanda kwa kunyamaza. Elimu alikuwa nayo, tena nyingi, ya kuwagawia watu wote wa kwao Kinango na bado ikabaki. Lakini elimu hiyo aliivaa kama koti tu, kwa sababu ya baridi ya maofisini. Kilichomfikisha alikofika ni mdomo uliofungwa vizuri.

Mambo yalianza na jino. Alikuwa mhadhiri mchanga pale Nairobi, ndiyo kwanza amerudi kutoka Uingereza na shahada ya udaktari wa uchumi, aliyoipata kwa kuandika kitabu kizima kuhusu bei ya mbuzi katika nyanda kame za Kwale. Kitabu kilijaa michoro na kilihitimisha kwamba utafiti zaidi unahitajika. Mbuzi wenyewe hakuwajua sana. Kuwachunga ilikuwa kazi yake, yeye mtoto wa kiume wa kwanza, lakini dada yake mkubwa Mbodze aliacha shule akiwa bado msichana mdogo, akaishika fimbo yeye, ili Garama aendelee na masomo. Katika ukurasa wa shukrani walitajwa wasimamizi, wakutubi na bibi mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akimpikia mayai. Mbodze hakutajwa.

Basi siku hiyo ya jino, profesa mkuu wa idara alisoma makala yake mbele ya wahadhiri wote, na makala yenyewe ilikuwa upuuzi mtupu. Wenzake Garama wakaruka juu, huyu akapinga, yule akasahihisha. Garama alikuwa ameshika shavu lililovimba, anatazama dari na kumwomba Mungu kikao kiishe. Baadaye profesa alisikika akisema, "Yule kijana wa pwani ana akili nzito. Hasemi ovyo." Mwaka huohuo Garama alipandishwa cheo, na wale wasemaji wakabaki palepale na meno yao mazima. Garama hakuwa mjinga. Alikwenda akaling'oa jino, lakini ukimya akabaki nao.

Kutoka chuo kikuu akaenda Benki Kuu, idara ya utafiti, na huko nako mambo yakamnyookea. Ulikuwa wakati ule bei zilipokuwa zinapanda kila kukicha, na wachumi wakiulizwa kila mahali, hata kwenye harusi: zitashuka lini? Vijana wenzake wakajitosa. Mmoja akasema Juni. Mwingine akasema Oktoba, tena akaandika makala. Garama alipoulizwa alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akalitazama jedwali mpaka swali likapoa, ndipo akasema, "Inategemea." Juni ikaja ikapita, Oktoba ikaja ikapita, na ilipotafutwa ni nani ambaye hakukosea, akapatikana mtu mmoja tu. Alipewa ofisi yenye zulia. Mkewe, Roselyne, aliwahi kumwuliza nyumbani kama bado anampenda, naye akavua miwani.

Alipostaafu mapema, katikati ya miaka ya tisini, makampuni yalimgombania. Kila bodi ilitaka mtu aliyetoka Benki Kuu, tena asiyesumbua, na hapa walimpata mmoja mwenye sifa zote mbili. Akawa mkurugenzi katika benki ndogo ya Mombasa, katika kampuni ya bima, na katika hoteli moja ya ufukweni Diani iliyoitwa Mwamba Mweupe. Huko kwenye mabodi ndiko ufundi wake ulikokomaa. Alikuwa na uso wake wa vikao: macho nusu yamefumba, kidole kimoja kidevuni, kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto. Mwenyekiti husoma azimio, halafu huuliza, "Kuna mwenye pingamizi?" Wakurugenzi hutazama glasi zao za maji. Mwenyekiti husema, "Limepita," na mlango hufunguliwa chai ikaingia. Garama aliupenda sana utaratibu huo. Mtu anakubali bila kukubali. Jambo likienda vizuri alikuwepo, likienda vibaya hakusema kitu.

Sasa, katika hoteli hiyohiyo ya Mwamba Mweupe, chini ya ule ukumbi wa mikutano wenye baridi ya mashine, kulikuwa na chumba cha kufulia nguo, na ndani ya chumba hicho alifanya kazi Mbodze. Ndiye, dada yake. Aliolewa, mume akafa bila kumwachia mtoto, na shemeji zake wakamwonyesha njia. Akateremka pwani, akapata kazi ya kufua mashuka ya wageni, na akapewa chumba katika kota za wafanyakazi nyuma ya jikoni. Alikuwa hapo miaka mingi kabla ndugu yake hajawa mkurugenzi.

Garama hakumweleza mtu yeyote wa bodi kwamba ana dada anayefua mashuka. Hakuna aliyemwuliza, na yeye hakuwa mtu wa kusema asichoulizwa. Lakini tusimwonee: kila alipokuja kikaoni alizunguka kwa nyuma, akapita katikati ya mashuka yaliyoanikwa, akamwamkia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekonda."

Hakuwa amekonda. Alikuwa na tumbo la mabodi matatu. Lakini hivyo ndivyo Mbodze alivyomsalimu tangu alipokuwa akirudi likizo kutoka shule ya bweni, na Garama alipenda kuambiwa hivyo kuliko alivyopenda kuitwa Daktari. Mbodze naye alijivuna kwa ajili yake. Aliwaambia wenzake wa kufulia, "Ndugu yangu anakaa kile chumba cha juu. Akisema neno lake pale, hoteli nzima inatingishika." Esha wa Msambweni, aliyekuwa akipiga naye pasi, aliuliza mara moja, "Huwa anasema nini?" Mbodze akamjibu kwamba mambo ya juu hayaelezwi chini.

Mwaka wa tisini na saba, mwezi wa nane, ghasia zikazuka Likoni. Watu waliuawa, wabara wakakimbia na magodoro vichwani, na wageni wa Diani wakapanda ndege kurudi kwao wakiwa bado na mchanga miguuni. Hoteli ikabaki na vitanda vitupu. Mwezi wa tisa bodi ilikutana, na mwenyekiti, Bwana Maxwell, mtu wa Nairobi asiyependa maneno marefu, akaliweka jambo mezani.

"Wazee, si mnaona vile kuko? Hatuwezi kulisha watu na hakuna wageni. Tunapunguza watu, na hizo kota zote tunafunga. Wenye watabaki na kazi watafute nyumba huko Ukunda. Kuna mwenye ako na pingamizi?"

Garama alimfikiria Mbodze na kitanda chake cha chuma, na ile picha ya marehemu baba yao aliyoibandika ukutani kwa plasta ya vidonda. Akasema moyoni: mwenzangu mmoja atapinga, nami nitamuunga mkono. Akamtazama mwakilishi wa wafanyabiashara. Mwakilishi anatazama glasi. Akamtazama wakili, wakili anamtazama yeye, kwa matumaini yaleyale. Kila mmoja pale mezani alikuwa akimsubiri shujaa, na shujaa alikuwa ametoa udhuru siku hiyo. Garama akainamisha kichwa kidogo upande wa kushoto.

"Limepita," akasema Bwana Maxwell, na chai ikaingia na sambusa.

Alipoteremka, habari ilikuwa imekwisha kumtangulia, kama kawaida ya habari za hoteli. Mbodze alikuwa ameketi juu ya beseni lililofunikwa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekonda. Najua uliwapinga. Lakini wao ni wengi, mtu mmoja atafanya nini?"

Garama akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai.

"Mimi sina tena nguvu za kupanga nyumba Ukunda," Mbodze akaendelea. "Nataka nirudi kwetu. Baba kabla hajafa alinionyesha mahali, pale kwenye mkwaju, akasema pale ni pako mwanangu ukichoka na dunia. Chumba kimoja tu kinanitosha. Sasa huyo ndugu yako Ziro anapataka, ajenge kinu cha kusagia mahindi. Baba mdogo Kavumbi amesema lipelekwe kikaoni, na wewe ndiye mkubwa wa kiume. Bila wewe siwezi kuchimba hata shimo la nguzo."

"Dada, usiwe na wasiwasi hata kidogo," akasema Garama, na alisema kwa dhati. "Mimi siwezi kulipinga jambo hilo."

Mbodze akamshika mkono kwa mikono yake miwili iliyochakazwa na sabuni, akamshukuru. Garama alirudi Nairobi na moyo mweupe. Aliona kwamba Mungu amempa nafasi ya kuyarekebisha yale ya juu, tena bila ya kugombana na mtu.

Kikao kiliwekwa Desemba, watu wakiwa likizo. Mvua za mwaka ule mnazikumbuka. Zilianza Oktoba zikasahau kwenda zao. Barabara ya kutoka Kwale kwenda Kinango ilikuwa uji. Gari la Garama lilikwama mara mbili, likasukumwa na watoto wa shule waliokuwa wakiimba, na alifika kwao na suruali ya sufi imejaa tope hadi magotini. Hilo halikumtia wasiwasi. Alikuwa mzoefu wa vikao kuliko watu wote watakaokuwepo.

Hapa msomaji inafaa aambiwe jambo ambalo Daktari hakulijua. Katika ukoo wao, shauri likiletwa kikaoni, mzee wa kikao hulieleza, kisha husema mara tatu, "Mwenye neno na aseme." Anayekubali huitikia kwa sauti, "Nimeitikia," na wa kwanza kuitikia lazima awe mkubwa wa kiume wa boma hilo; wadogo hawawezi kumtangulia. Wakiisha wote, wa mwisho kuulizwa ni mwenye shauri mwenyewe, awe mwanamume au mwanamke, kwa utaratibu uleule. Asiyeitikia hadi mara ya tatu amekataa, wala haulizwi sababu, kwa kuwa mtu aliyekaa kimya ana jambo zito moyoni. Kila mtoto aliyekulia pale alilijua hilo kama anavyojua mahali pa mtungi. Lakini Garama aliondoka mapema kwenda shule, na vikao vyote vya utu uzima wake vilikuwa na glasi za maji. Wakati baba yao yuko hai, baba ndiye aliyeitikia. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza.

Wakakutana katika banda la Kavumbi, baba yao mdogo, mzee mrefu mwembamba ambaye kitu alichokipenda kuliko vyote duniani ni utaratibu. Alikuwa amewahi kusimamisha mazishi kwa sababu jembe lilikuja kabla ya mkeka. Wanaume walikaa upande mmoja, wanawake upande wa pili, na Mbodze katikati ya wanawake, amevaa leso mpya. Ziro, ndugu yao wa mama mwingine, alikuwa amekaa karibu na nguzo, midomo inamchezacheza. Alikuwa na hotuba ndefu ya kulipinga jambo hilo. Wiki nzima alikuwa akiwasomea mbuzi.

"Taireni!" akaita Kavumbi kufungua kikao.

"Za Mulungu!" wakajibu.

"Mbodze anaomba mahali pa kujenga, pale kwenye mkwaju, alipoonyeshwa na marehemu baba yake. Mmelisikia. Mwenye neno na aseme."

Garama alifurahi sana kulisikia swali hilo. Lilikuwa lilelile la Bwana Maxwell, limevaa kanzu tu. Akafumba macho nusu, akaweka kidole kidevuni, akainamisha kichwa upande wa kushoto. Banda zima lilimgeukia. Aliyahisi macho yao, akayachukulia kuwa ni heshima.

"Mwenye neno na aseme," akarudia Kavumbi.

Mvua ilikuwa ikidondoka kwenye makuti. Upande wa wanawake mtu alikohoa, kikohozi cha kumshtua mtu, lakini Garama hakushtuka. Ziro alikuwa amefungua mdomo na kuusahau wazi. Garama aliinamisha kichwa zaidi, ili pasiwe na shaka yoyote.

Kavumbi alisubiri kuliko ilivyo desturi. Wanaokijua kikao kile wanasema kwamba alisubiri mpaka ilikuwa karibu kuvunja utaratibu, na kwake yeye hilo lilikuwa jambo kubwa mno. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwenye neno na aseme." Halafu akachukua bakora yake, akasimama. "Mkubwa wa boma amekataa. Shauri limekwisha."

Watu wakaanza kuinuka. Garama, ambaye katika shughuli za bodi huwa hasikilizi maneno ya mwisho kwa kuwa huwa ni yaleyale, aliinuka pia, akatabasamu, akatazama huku na huku kama kuna chai. Wa kwanza kumfikia alikuwa Ziro, aliyemshika mkono kwa nguvu huku machozi yanamlengalenga.

"Kaka, nisamehe. Miaka yote hii nilidhani wewe ni wa Mbodze tu. Sikujua kama kinu kimekugusa hivyo."

"Kinu gani?"

"Si umemkatalia! Tena kwa kimya, bila hata kumwaibisha. Mimi ningepiga kelele."

Hapo ndipo Garama alipogeuka akamtafuta dada yake. Mbodze alikuwa bado ameketi. Wanawake wenzake walikuwa wamesimama kumzunguka, naye alikuwa akimtazama Garama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akamkuta mgeni ndani.

Sasa hapa, mabibi na mabwana, palikuwa na nafasi. Nami nasema bila kuficha kwamba hapa ndipo ninapomchukia Daktari Garama, maana yale ya kabla ya hapo ni kuchekwa tu. Kavumbi hakuwa amefika hata kwenye kizingiti. Ilitosha kupaza sauti: ngojeni jamani, mimi nilikubali, sikuijua desturi! Wangecheka, wangemtania mpaka mwaka mpya, na Kavumbi angenung'unika kisha angeanza upya. Lakini ili aseme hivyo ilimpasa akiri mbele ya wachunga mbuzi na wakwe zao kwamba yeye, Daktari, mtu wa Benki Kuu, hajui kitu kinachojulikana na kila mtoto wa pale. Akapima. Kwa upande mmoja aonekane katili, kwa upande mwingine aonekane mjinga. Mtu katili huogopwa, na mtu mjinga hapewi bodi. Akavua miwani, akaipangusa.

Mbodze aliinuka, akajifunika leso yake mpya kichwani, akatoka kwenye mvua.

Kwa desturi yao, shauri lililokataliwa halirudi mpaka mahindi yamevunwa, tena hurudi kwa mdomo wa yuleyule aliyelikataa. Kwa hiyo Mbodze alirudi Diani kuchukua kitanda chake cha chuma, akiwa hana pa kukipeleka. Kota zilikuwa zinafungwa Jumamosi. Esha alimkuta amekaa juu yake, nje, na picha ya baba mapajani, akamwuliza kulikoni. Mbodze akaanza kumweleza tangu mkwaju.

"Twende kwetu," akasema Esha.

"Sijamaliza kukueleza."

"Utanieleza njiani. Shika miguuni huko, mimi nashika kichwani."

Wakakibeba hadi barabarani, wakateremka nacho Msambweni. Mama yake Esha alimwondoa kuku mmoja aliyekuwa akiatamia katika chumba cha uani, na mambo yakaisha. Hapakuwa na mara ya pili wala ya tatu.

Garama alijitetea mwenyewe kwa miezi mingi, na kwa kuwa alikuwa akijitetea kimyakimya hakuna aliyempinga. Alisema atakwenda Pasaka. Pasaka kulikuwa na kongamano. Alitaka kumwandikia, akaona ni bora waonane ana kwa ana; kuonana ana kwa ana akaona ni bora aandike kwanza. Usingizi ulimpungua. Mara nyingi alimwona Mbodze vilevile, ameketi katikati ya wanawake, na alikuwa akitamani amtukane.

Katikati ya mwaka huo wa tisini na nane, ile benki ndogo ya Mombasa ikafunga milango. Watu walijazana nje tangu alfajiri, akina mama wa sokoni, walimu, mabaharia waliostaafu, na wakurugenzi wakaitwa kuhojiwa. Daktari Garama aliulizwa alisema nini siku bodi ilipoipitisha mikopo ile ya marafiki. Akafungua mdomo kujibu, akakuta hamna kitu ndani. Kumbukumbu za mkutano zilionyesha kwamba alihudhuria. Alihudhuria vikao vyote, hakuwahi kukosa, na hata mpelelezi mwenyewe, kijana mpole, alimwonea haya. Hawakumshtaki, ni vigumu kumshtaki mtu ambaye hakufanya kitu. Lakini bodi ya bima ilimwandikia barua ya shukrani, na ya Mwamba Mweupe ikafuata, na simu yake ikakoma kulia. Koti likaanza kumpwaya. Akawa anakaa Nairobi sebuleni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake ule ukimya ukamuumiza.

"Una dada," Roselyne akamwambia siku moja, akiwa anapepeta mchele. "Nenda kaongee na dada yako."

Mahindi yalipovunwa, mwezi wa nane, aliitisha kikao mwenyewe. Mbodze alipelekewa habari Msambweni, akaja. Alikuja na kikapu cha samaki wakavu kwa ajili ya Kavumbi, akakaa palepale alipokaa mara ya kwanza.

"Taireni!" akaita Garama. Sauti ilimtoka nyembamba, na baadhi ya vijana wakainamisha nyuso.

"Za Mulungu!"

"Ndugu zangu, katika kulitathmini suala hili, ipo haja ya kuzingatia mambo kadhaa." Akasimama hapo. Akamwona Kavumbi akimkodolea macho, akaanza tena. "Mwaka jana nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimekubali. Huko kazini kwetu mtu akinyamaza ndiyo amekubali. Sikuijua desturi ya hapa. Nilipoijua, ilikuwa siku ileile, saa ileile, na niliona haya kusema kwamba sikuijua. Nikamwacha dada yangu atoke kwenye mvua."

Kavumbi akainua bakora, si kwa hasira, kwa udadisi.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Huko kwenu asiyesema amekubali?"

"Ndiyo, baba."

"Na aliyelala?"

"Amekubali."

"Na aliyekufa pale kitini?"

Garama akafikiri kwa uaminifu. "Kama hajapinga, limepita."

Banda likaanguka kwa kicheko. Watu walipigana mabega, Ziro akakaa chini kabisa, hata Kavumbi akajipangusa macho na kusema kwamba sasa ameelewa kwa nini nchi iko hivi ilivyo. Garama alisimama katikati yao na aibu ikamwingia mpaka kwenye kucha, ile aliyoikimbia miezi yote ile, akashangaa kuona kwamba haiui.

"Mwenye neno na aseme," akasema Kavumbi, kicheko kilipotulia.

"Nimeitikia!" akasema Garama, kwa sauti kubwa kupita kiasi, mpaka kuku wakakimbia. Wa pili akaitikia, na wa tatu, na Ziro naye akaitikia, akitazama chini, kwa kuwa kinu hakiwezi kushindana na jambo kama lile. Kisha Kavumbi akageukia upande wa wanawake.

"Mbodze, shauri ni lako. Mwenye neno na aseme."

Mbodze alikuwa amekaa wima, mikono mapajani.

"Mwenye neno na aseme."

Hakuwa na kidole kidevuni, wala hakuinamisha kichwa. Alikuwa akimtazama ndugu yake machoni. Nitakuwa mwongo nisiposema kwamba kwa nukta moja, kwa mazoea tu ya miaka mingi, moyo wa Daktari Garama uliruka kwa furaha na kusema: limepita.

"Mwenye neno na aseme," akasema Kavumbi, polepole sana. Kisha akashika bakora yake, akasimama. "Mwenye shauri amekataa. Limekwisha."

Watu walitoka. Garama alimkuta Mbodze nje, anafunga kikapu chake kitupu kwa kamba. Aliyataka maelezo, hata ya matusi, lakini kilichomtoka kilikuwa kilekile.

"Shikamoo dada."

"Marahaba," akasema Mbodze. Akamtazama toka juu hadi chini. "Umekonda."

Safari hii ilikuwa kweli. Kisha Mbodze akakitia kikapu begani, akawaaga wanawake mmoja mmoja, akashika njia ya kwenda kutafuta gari la Kwale, kwenda zake Msambweni, kwenye kile chumba cha uani.

Ziro akaja taratibu, akasimama karibu na kaka yake. Aliacha muda wa heshima upite.

"Sasa kaka," akasema, "kwa kuwa mwenyewe amekataa, ile sehemu ya mkwaju itabaki bure. Nikiweka kinu changu pale, wewe utakuwa na neno?"

Garama alipeleka mkono kwenye miwani. Akauteremsha.

"Ninalo!" akasema. Alisema kwa sauti iliyovuka banda, ikavuka zizi, ikamfikia hata Kavumbi aliyekuwa amekwisha ingia ndani na samaki wake. "Nakataa! Pale ni pa Mbodze, ajenge asijenge!"

Mbodze alikuwa amekwisha fika njiani. Hakugeuka. Lakini alisimama, akakihamisha kikapu kutoka bega hili hadi bega lile, ndipo akaendelea na safari yake.